Fungu la Udongo: Wito kwa Wakulima wa Kesses



Mwezi wa tatu ukikaribia, huku kwetu tunajuana kwa macho mekundu. Ukimkuta jirani pale Cheptiret saa kumi na moja alfajiri, amejifunika koti zito akingoja matatu, huna haja ya kumwuliza aendako. Anakwenda ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao mjini Eldoret kupanga foleni ya mbolea. Ujumbe uliingia kwenye simu yake jana jioni, kitambulisho kimo mfukoni, na chai ya maziwa amebeba katika chupa kwa kuwa hajui foleni itakwisha saa ngapi. Mimi pia nimesimama katika foleni hiyo. Nimesukumwa, nimecheka na watu nisiowajua, nikarudi nyumbani na mifuko yangu juu ya pikapu tuliyoichangia majirani watatu.

Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha. Ilikuja jioni na kishindo chake, kama zijavyo mvua zetu za kwanza. Asubuhi nikasimama kwenye kidaraja kilicho chini ya shamba langu, nikayatazama maji. Yalikuwa na rangi ile ile ya chai ya maziwa. Nikainua macho shambani, nikaona vifereji vilivyochorwa katikati ya mistari ya mahindi niliyoyapanda siku chache tu zilizopita. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nikikitazama: mbolea niliyoiamkia usiku ilikuwa ikipita chini ya daraja.

Wito huu umezaliwa asubuhi hiyo. Sisi ni hodari wa kupanga foleni ya mfuko, lakini hatujajifunza kupanga foleni ya udongo ambao ndio unaoishika mbolea ya mfuko huo. Na udongo nao una fungu lake katika fedha za umma. Fungu hilo lina milango yake, tarehe zake na watu wanaolisimamia. Anayelikosa, mara nyingi amelikosa kwa sababu hakuwepo siku lilipogawanywa.

Tuanze na shukrani pale zinapostahili. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulikuwa ukiuzwa madukani shilingi 6,500 na zaidi. Septemba mwaka huo serikali ikaushusha kwa ruzuku hadi shilingi 3,500, na Agosti 2023 hadi shilingi 2,500. Fanya hesabu. Mwenye ekari 5 anayetumia mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa kila ekari ananunua mifuko 10. Akiokoa shilingi 4,000 kwa kila mfuko, ameokoa shilingi 40,000. Hiyo ni karo ya mtoto, na anayesema ruzuku haikumsaidia mkulima hajawahi kulipa karo ya bweni kwa mahindi.

Ruzuku hiyo ilikuja pamoja na daftari. Mapema mwaka 2023 machifu na wasaidizi wao walizunguka wakituandikisha: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ukubwa wa shamba na mazao. Hayo yote yakaingizwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za wakulima uitwao KIAMIS, na ujumbe wa simu unaokupa mgao wako unatoka humo. Kama ulibadilisha laini, kama shamba limegawanywa tangu siku hiyo, au kama ekari 2 ziliandikwa 20 na mtu mwenye haraka, nenda kwa chifu ukarekebishe. Daftari lenye uongo leo litaleta ugomvi kesho, kwa sababu kila msaada ujao utapitia humo humo.

Mwaka 2024 tuliona pia upande mwingine. Mbolea duni iliuzwa ndani ya mpango huo huo wa ruzuku, bunge likachemka, na serikali ikaahidi kuwafidia walioathirika. Wengi wetu tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini niliwasikia wazee wawili wakijadiliana sokoni, mmoja akisema mbolea yake ilikuwa bandia, mwingine akimwuliza: "Utajuaje, na wewe miaka yote mahindi yako yanakuwa manjano?" Swali hilo lilinichoma. Tunadai kujua kilichomo ndani ya mfuko, na ni haki yetu. Kilichomo ndani ya shamba je?

Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosfeti. Hivyo ndivyo virutubisho unavyonunua. Sasa udongo wetu mwingi hapa Uasin Gishu umechachuka, na miaka mingi ya DAP bila chokaa imechangia uchachu huo. Katika udongo mchachu, chuma na alumini huikamata fosfeti na kuing'ang'ania, na mzizi wa mhindi hauwezi kuipata. Umelipia, umebeba, umefukia, na mbolea iko pale pale ardhini imefungiwa. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, inayowekwa mapema kabla ya kupanda. Lakini huwezi kujua kiasi cha chokaa bila kuupima udongo, kama vile daktari hawezi kukupa dawa ya sukari kwa kukutazama usoni.

Hiyo ni mbolea inayobaki shambani. Nayo inayoondoka? Chukua ekari moja. Bandua juu yake utando wa udongo wa milimita 1, ambao kwa macho hutauona umepungua. Umeondoa karibu tani 5, yaani uzito wa magunia zaidi ya 50 ya mahindi ya kilo 90. Sijamwona jirani aliyevuna magunia 50 katika ekari moja hapa kwetu, lakini nimeona mashamba, langu likiwemo, yanayopoteza utando huo katika msimu mmoja wa mvua. Unateremka na vijito vyetu hadi mito mikubwa, na mwisho wake ni Ziwa Victoria. Kila mwaka tunawatumia watu wa ziwani udongo wetu bora zaidi, pamoja na mbolea ya ruzuku, na hatujawahi kupewa risiti.

Haya hayakuanza jana. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu ulipanda uwanda huu na magari ya kukokotwa na maksai. Plau ikafuata, kisha ngano, kisha mahindi. Mji uliotokea hapo, Eldoret, wazee bado wanauita Sisibo, kutokana na shamba nambari 64. Uwanda uliokuwa malisho ukageuzwa shamba, na umelimwa zaidi ya miaka mia moja. Baada ya uhuru ardhi ikarudi mikononi mwetu, nasi tukaigawa kwa wana na wajukuu. Kila mgawanyo ulisukuma jembe karibu zaidi na mto na juu zaidi kwenye mteremko. Kipande ambacho babu alikiacha kuwa cha ng'ombe, mjukuu amekilima hadi ukingoni mwa maji.

Wala si kwamba nchi hii haikuwahi kujua dawa. Mwaka 1974 Kenya ilianza mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo na maji kwa msaada wa Uswidi. Mwaka 1981 Rais Moi aliunda tume ya kudumu ya rais ya kuhifadhi udongo na kupanda miti, na wenye umri wangu wanakumbuka kujenga gabioni kwa mawe siku za Jumamosi. Kutoka katika kazi ya miaka hiyo, neno letu la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya dunia nzima bila kutafsiriwa: fanya juu. Unachimba mtaro kwenye kontua, yaani mstari usiopanda wala kushuka, na udongo unaoutoa unautupa upande wa juu. Juu ya tuta hilo unapanda nyasi za kulisha ng'ombe. Miaka inavyopita, mvua yenyewe inakusawazishia shamba likawa ngazi. Hakuna mashine. Kontua unaipima kwa vijiti vitatu vilivyofungwa mfano wa herufi A, kamba na jiwe.

Mwaka 1988 mpango huo ulipata akili mpya. Badala ya afisa kumhudumia mkulima mmoja huku na mwingine kule, wakulima wa bonde moja walichagua kamati yao, wakaketi na maafisa, na bonde zima likapangwa kwa pamoja. Sababu ni rahisi: maji hayajui mpaka. Mtaro wangu hauna faida ikiwa jirani wa juu ameachia mafuriko, na yeye hawezi kuyazuia ikiwa barabara iliyo juu yake inamwagia maji yote ya mtaa.

Watu wa Machakos walishatuonyesha inavyowezekana. Wakati wa ukoloni walilazimishwa kuchimba matuta, wakayachukia. Baada ya uhuru waliyachimba kwa hiari kupitia mwethya, vikundi vyao vya kusaidiana kazi. Watafiti waliolinganisha miaka ya 1930 na mwaka 1990 walikuta idadi ya watu imeongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko umepungua. Sisi nasi tuna kokwet, baraza letu la kijiji. Tunaitumia kusuluhisha ugomvi wa mipaka na kupanga mazishi. Nani alisema haiwezi kupanga mteremko?

Sasa tuje kwenye milango. Nitaitaja ile niijuayo, na naomba usome polepole.

Mlango wa kwanza ni miradi ya kitaifa ya kilimo, siku hizi mingi ikifadhiliwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Majina yake hubadilika. Kulikuwa na KCSAP, wa kilimo kinachohimili mabadiliko ya tabianchi, uliofika kaunti 24, yetu ikiwemo. Ukafuata NAVCDP, wa kukuza minyororo ya thamani ya mazao, ambao pia umefika Uasin Gishu. Kabla ya yote hayo kulikuwa na NALEP, kuanzia mwaka 2000. Usihangaike kukariri herufi, maana miradi huja na kuondoka. Tazama kisichobadilika: tangu NALEP hadi leo, wakulima wamefikiwa kupitia vikundi vya wenye shughuli moja, na siku hizi kupitia Sacco za wakulima katika wadi. Mkulima aliye peke yake, hata awe hodari namna gani, mlango huo haumwoni.

Mlango wa pili ni fedha za tabianchi. Mpango uitwao FLLoCA, ulioidhinishwa mwaka 2021, unapitisha fedha kupitia Hazina ya Kitaifa hadi kaunti. Ili kaunti izipate, inatakiwa kuwa na sheria na mfuko wake wa tabianchi, na kutenga sehemu ya bajeti yake ya maendeleo. Muhimu zaidi kwetu ni kwamba kila wadi huwa na kamati ya kupanga masuala ya tabianchi, na wananchi ndio wanaosema hatari yao kubwa ni ipi na ianzwe wapi. Kesses ina wadi nne: Racecourse, Cheptiret/Kipchamo, Tulwet/Chuiyat na Tarakwa. Je, unamjua hata mtu mmoja katika kamati ya wadi yako? Kama humjui, mtafute wiki hii. Umpelekee korongo lako, maana yeye hatakuja kulitafuta.

Mlango wa tatu ni maji. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji, yaani watu wa mto mmoja au kijito kimoja wanaojiandikisha kukilinda. Uko mfuko wa taifa wa sekta ya maji unaoweza kufadhili mipango ya vyama hivyo: kurudisha kingo, kulinda chemchemi, kupanda mianzi palipokuwa na mikaratusi inayonyonya kijito. Sheria inataka ukingo uachwe bila kulimwa, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kulingana na upana wa mto. Tunaolima hadi kwenye maji tunajijua. Afadhali turudi nyuma tukiwa na chama na ufadhili kuliko tungoje kurudishwa nyuma na askari.

Mlango wa nne uko nyumbani: kaunti yenyewe. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma za kilimo. Afisa wa kilimo wa wadi ni wetu, mshahara wake tunaulipa sisi. Kaunti pia ina mfuko wa kukopesha vyama vya ushirika, na chama cha maziwa kinachoweza kukopa kwa ajili ya mtambo wa kupoza maziwa kinaweza pia kuomba kwa ajili ya mbegu za nyasi za kukinga mitaro. Ng'ombe hula kinga hiyo, na maziwa hulipa deni.

Milango hiyo ina saa zake za kufunguliwa, na hapa ndipo tunapopigwa chenga kila mwaka. Kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unafikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha unafika Februari 28. Makadirio ya bajeti yanafika Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Ziweke tarehe hizo kando ya kalenda ya shamba uone. Februari tunaandaa mashamba. Aprili tumeinama tukipanda na kupalilia. Agosti na Septemba tunayachungulia mahindi tukiwaza kuvuna. Kaunti inapanga bajeti wakati ule ule ambapo sisi tunapanga shamba, na kwa hivyo ukumbini huketi watu wasiolima, wakiwasemea wanaolima. Wakiamua barabara, itakuwa barabara. Nani atasema udongo?

Katiba, katika ibara ya 201, inataka wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha za umma. Ukiitwa kwenye kikao cha maoni, nenda. Usipoitwa, uliza kwa barua. Sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi lako katika siku 21. Kikundi kinaweza kuuliza kwa adabu: mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi kwa kuhifadhi udongo katika wadi yetu, zimetumika ngapi, na wapi? Barua moja yenye saini 30 ina uzito kuliko malalamiko ya mwaka mzima kwenye duka la chai.

Najua jibu lililo mdomoni mwako: "Hizo pesa huliwa." Baadhi huliwa, ni kweli. Lakini nami nina la kukiri. Kikundi chetu kiliwahi kukosa ufadhili, tukalaumu siasa mwezi mzima. Tulipotulia tukajikagua. Kumbukumbu za mikutano hazikuwepo, akaunti ilikuwa kwa jina la mwenyekiti, na orodha ya wanachama ilikuwa na watu wawili waliokwisha kufa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nasi hata mali hatukuwa tumeipata. Kabla hatujaidai serikali hesabu zake, tuweke zetu sawa: cheti cha usajili, akaunti ya kikundi, daftari la mikutano, na mweka hazina asiyeogopa kusomewa hesabu mbele ya watu.

Mwingine atasema shamba lake ni dogo mno kutoa mtaro. Mtaro wenye nyasi huchukua mistari michache ya mahindi, nao hukupa lishe ya ng'ombe na kukurudishia maji ambayo yangepotea. Wenye robo ekari ndio wanaohitaji zaidi kuhifadhi, maana hawana pa kuhamia. Mwingine atasema hana hati miliki. Mama aliyeolewa na kulima miaka 20 bila jina lake kwenye hati bado ana mikono, ana kikundi na ana sauti katika baraza. Naomba wazee wetu waikaribishe sauti hiyo, kwa sababu anayejua mahali maji yanapoanzia kuteremka shambani ni yule anayelipalilia.

Tunapotoa maoni, tuombe kitu kinachoeleweka. Wamarekani walijifunza somo hili kwa vumbi. Katika miaka ya 1930 upepo uliwapeperushia udongo wa nyanda zao hadi miji ya mbali, na mwaka 1935 wakaunda idara ya taifa ya kuhifadhi udongo. Leo wana karibu wilaya 3,000 za uhifadhi zinazoongozwa na watu wa hapo hapo, na katika kaunti zao wakulima huchagua kwa kura wakulima wenzao wa kusimamia programu za serikali. Mkulima huandika mkataba, hufanya kazi, hukaguliwa, kisha serikali humrudishia sehemu ya gharama. Hapa nyumbani, katika bonde la Ziwa Naivasha, watumiaji wa maji wa chini, wakiwemo wakulima wa maua, wamewahi kuwapa wakulima wadogo wa miteremko ya juu vocha za pembejeo kwa sababu ya kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko na kurudisha kingo za mito. Aliye chini alitambua kwamba usafi wa maji yake uko mikononi mwa aliye juu.

Kwa hiyo ombi langu kwa kaunti yetu ni moja: vocha ya udongo. Daftari la wakulima lipo. Simu zipo. Ujumbe ule ule unaonipa mgao wa mbolea unaweza kunipa chokaa, miche au mbegu za nyasi, kwa sharti kwamba kikundi changu kimechimba mitaro na afisa wa wadi ameikagua. Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024. Jiji linakunywa maji ya miteremko inayolizunguka, na jiji linaloheshimu kiu yake huwalipa wanaolinda miteremko hiyo.

Kwa maafisa wetu wa kilimo nasema: tunajua mko wachache na pikipiki hazina mafuta. Tukutanisheni bonde kwa bonde, siku moja mfunze watu 40, badala ya kututafuta mmoja mmoja. Kwa Chuo Kikuu cha Moi, kilichokaa hapa Kesses tangu 1984: wanafunzi wenu wanapita kando ya makorongo yetu kila siku wakienda darasani. Walete na vipimo vyao. Sisi tutatoa chai na jembe. Kwa vijana: ramani ya bonde sasa inachorwa kwa simu. Chora moja, onyesha kila mahali maji yanapovunja, uipeleke kwa kamati ya wadi. Ramani hiyo itasikilizwa kuliko hotuba yangu.

Na miti pia tuipande kwa akili. Serikali imelenga miti bilioni 15 kufikia 2032, na kanuni za kilimo cha misitu za 2009 zilimtaka kila mkulima awe na miti katika asilimia 10 ya shamba lake. Lakini siku ya kupanda miti iliyotangazwa Novemba 13, 2023 ilitukuta tukivuna, na nyuma yake kiangazi cha Desemba hadi Machi kilikuwa kinangoja miche. Sisi tupande mvua zinapokolea, tupande kwenye kontua na kingo, na tuhesabu iliyoishi, si iliyopandwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifereji cha mwaka huu unakivuka kwa hatua. Baada ya misimu mitano utahitaji ubao. Baada ya kumi, ng'ombe atatumbukia humo, nawe utaomba gabioni ambayo bajeti ya wadi nzima haiwezi kuilipia.

Basi mahindi yakishaingia ghalani, kabla ya Krismasi, fanya jambo moja. Chukua jembe na ndoo safi. Pita shambani kwa kupindapinda, chota udongo wa kina cha sentimita 20 katika sehemu 10 au zaidi, uchanganye, utoe nusu kilo, uandike jina lako na jina la shamba. Mpelekee afisa wa kilimo wa wadi akuelekeze mahali pa kupima. Usiache ng'ombe wamalize mabua yote. Mengine yalaze kuukata mteremko. Kisha kaa na majirani wa juu yako na wa chini yako, mkubaliane mtaro wa kwanza uanzie kwa nani.

Februari, kabla hujauliza bei ya mfuko, utakuwa unajua udongo wako unadai nini. Njoo na jibu hilo barazani, mkononi, limeandikwa. Tutakuwa tumepanga foleni tayari.